Punje Kumi na Tisa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale Magarama mjini Gitega, kwa siku mbili nzima niliamini kwamba nimemwangushia nyumba rafiki yangu.

Bibi yangu alikuwa na imani yake. Vikombe vikianza kugongana kabatini, vuta tasbihi upesi: kila punje inasukuma balaa kilima kimoja mbali. Ukifika kumi kabla ya mtikisiko mkubwa, umepona. Usipofika, kimbia nje.

Asubuhi ile Bibi alikuwa anakanda unga wa maandazi. Vikombe vikalia.

“Shika tasbihi, we! Mi mikono iko na unga!”

Nikavuta, roho mkononi. Tatu, saba, kumi... Kwenye punje ya kumi na tisa sakafu ikayumba, vumbi la dari likatumwagikia. Kisha kimya.

“Kumi na tisa!” Nikapiga makofi. “Tumelisukuma, Bibi!”

“Alhamdulillahi. Limekwenda kwa wengine huko Kongo.”

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Neema, muuza vitenge kutoka Bukavu, mpangaji wetu wa chumba cha uani. Binti yake Neema, rafiki yangu, alikuwa likizo kwa shangazi yake hukohuko Bukavu.

“Kongo wapi, Mama?” aliuliza. Bibi akarudi kukanda unga wake.

Alipiga simu mpaka jioni. “Rezo hakuna, simu haiingii,” alikuwa anasema, “rezo hakuna,” hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Mimi nilijificha chini ya kitanda na tasbihi, nikaivuta kinyumenyume, punje kumi na tisa, ili balaa lirudi kwetu. Eh, akili za mtoto! Lakini niliogopa hasa, na nilikuwa tayari lirudi.

Siku ya tatu simu ikaita. Neema alikuwa hai, mkono umevunjika. Nyumba ilikuwa imewaangukia; shangazi yake walikuwa wamemzika.

Aliporudi na plasta yake, swali lake la kwanza lilikuwa hili: “We ulihesabu ngapi?” Mimi ndiye niliyemfundisha mambo ya tasbihi.

“Kumi na tisa.”

“Mi sikufika hata moja.”

Leo nafundisha fizikia Gasorwe, huku Muyinga. Nawachorea wanafunzi ile mistari inayochorwa na kipimo cha tetemeko: mawimbi mawili huondoka pamoja, dogo lenye mbio na kubwa linalojikokota, na kadiri yanavyosafiri ndivyo yanavyoachana. Kila sekunde kati yao, muda wa kuvuta punje moja, ni kama kilomita nane kutoka kwenye chanzo. Aliye juu ya chanzo hupigwa na yote mawili karibu kwa pamoja. Kumbe tasbihi ya Bibi haikusukuma kitu. Ilikuwa inapima umbali.

Ningelijua hilo nikiwa chini ya kitanda, ningelala usingizi. Nyumba ile sikuiangusha mimi, haya, nimekubali. Lakini yale makofi niliyapiga mimi, na Mama Neema alikuwa mlangoni.