Kinyozi Aliyeona Haya Kutembea

Kinyozi wa mtaa wetu alipewa jina la Duma, na jina hilo ndilo lililomponza. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake, alikimbia hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Kisha goti la kulia likaanza kumuuma kila akiteremka ngazi. Akalipaka dawa ya kuchua, akalifunga bandeji, akaendelea na mbio zake kama kawaida. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku aliposhindwa kuchuchumaa, alikwenda kwa tabibu wa viungo. Tabibu alilibonyeza goti huku na huku, akasema halijaharibika, limechoshwa tu. Apumzike kwanza, akaze mapaja, kisha arudi barabarani kwa kupokezana: akimbie kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili, atembee hadi ya tatu. Akikaidi, asahau mbio maisha yake yote.

Hilo lilimtisha. Kutwa nzima anazunguka kiti kimoja akisikiliza porojo zetu. Mbio ndizo zilizokuwa raha yake pekee. Alipumzika kweli, na mapaja aliyakaza kwa kuegemea ukuta wa kibanda magoti yakiwa yamekunjwa, huku wateja tukisubiri. Kasheshe ilikuwa kutembea. Nusu ya vichwa vya mtaa amevinyoa yeye, changu kikiwemo, na kila akianza kutembea anakutana na kichwa anachokijua. Basi anatimua mbio mpaka kimpite. Mazoezi yake yakawa yanapangwa na wapita njia, na siku za watu wengi alirudi nyumbani akichechemea.

Mkewe alimkuta akivua viatu kwa kuguna.

"Baba watoto, hivi hilo goti ni lako au la wateja?"

"Watasema nimezeeka."

"Si waseme? Wakichoka watanyamaza. Kesho tunakwenda wote."

Wakaenda. Walipofika nguzo ya pili wakaanza kutembea, na muuza magazeti akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Duma! Leo umeishiwa mafuta?"

Kinyozi akataka kuchomoka. Mkewe akamdaka kiwiko.

"Tumeoana miaka yote hii, na kila asubuhi nakuona mgongo tu," alisema, na hakuwa anatania. "Tembea, mume wangu."

Kinyozi akaacha kujivuta. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayesimama mlangoni kumtazama akiondoka. Maneno yale yalimchoma. Wakatembea bega kwa bega, na muuza magazeti akarudi kwenye magazeti yake.

Kwenye nguzo ya tatu mkewe akamwachia mkono.

"Haya, zamu ya mbio. Nenda."

Akakimbia taratibu hadi nguzo iliyofuata. Goti lilitulia, na barabara mbele yake ilikuwa tupu. Akageuka, akarudi akitembea kumfuata mkewe.