Lavabo ya Simenti

Bwana wangu alitaka lavabo ya kuoshea vyombo, ya inoksi, chuma kile kinachong'aa. Mimi nilitaka ya kauri, nyeupe pe, kama niliyoiona kwa dada yangu Bujumbura. Tulibishana wiki nzima, na mwenye kuitumia hatukumuuliza.

Mwenyewe ni mama mkwe. Baba mkwe alipofariki tulimtoa kijijini kwao Runingu tukamleta kwetu Uvira, akaja na sufuria yake ya bugali, kubwa, nyeusi kwa masizi. Nyumba yetu imejaa watoto, na vyombo vyote anaosha yeye, ameketi uani kwenye kiti chake kifupi. Ukivigusa umemtukana. Aliposikia habari za lavabo alinuna. "Ile ni ya wamama wenye kuosha wamesimama," akasema. "Minye mugongo haiwezi. Nitarudi kwetu. Muntu hana kazi, iko mugeni."

Moyo ulinilipuka. Nampenda yule mama, na aende wapi, kwenye nyumba tupu?

"Mama, twende dukani pamoja," nikamwambia. Akajitwika sufuria, mwiko wake umo ndani, na mchanga wa ziwa akaufunga kwenye pindo la kitenge, maana sisi wa huku sabuni ni ya sahani, sufuria inataka mchanga. Muuzaji kugeuka, lo! Sufuria imo ndani ya lavabo nyeupe, mama anasugua, kruu, kruu. "Wee mama! Hapa si jikoni!" Kauri imejaa mistari ya kijivu. Bahati yetu lavabo ile ilikuwa ya kuonyesha tu, pembe imeshavunjika. Niliona haya, na kicheko kimenibana mbavu.

Ile ya inoksi akaigonga kwa mwiko. Ikalia dukani kote. "Hii itaambia majirani kila tukikula," akasema, akaipa mgongo.

Basi nikaita fundi mwashi. Nikamwambia ajenge ya simenti, ukingo mnene, ndani ailainishe kwa mwiko wake mpaka iteleze, maji machafu yaende kwenye migomba. Na iwe chini, ilingane na kiti cha mama.

"Hii ni lavabo ya bata!" bwana wangu akasema.

"Basi weye kunywa humo," nikamjibu. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi mwenyewe nikijaribu kuosha pale nainama kama mwenye kutafuta sindano, lakini sijali.

Jumapili moja mdogo wake mama akafika kutoka Runingu, kumchukua kama walivyoagana siku zile aliponuna. Alimkuta ameketi, mikono imezama majini mpaka viwiko, sufuria inazunguka ndani ya simenti. Mama hakuinuka.

"Uwasalimie," akamwambia. "Minye siwezi kuja. Hauone vyombo hivi?"

Niliingia ndani nikalia kidogo. Halafu nikakusanya sahani zote kabatini, hata zilizo safi, nikampelekea.