Ruqayya na Kifaa cha Magego

Tangu akiwa na miaka tisa, shingo ya Ruqayya ilikuwa ikimruka yenyewe, na koo likitoa mlio kama wa mtu aliyepaliwa. Wazee wa mtaani kwao Kisugu walisema ni jini. Akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, mpaka akachoka. Ukubwani, daktari wa neva alimweleza kuwa yale ni maradhi, akampa vidonge. Vidonge vikamsinziza mbele ya wanafunzi wake wa Kurani, akaviacha.

Siku moja maumivu ya gego yalimpeleka mtaa wa Ntinda, kwa daktari wa meno aitwaye Amito. Daktari alimwekea kijiti kati ya magego ili kinywa kibaki wazi, na shingo ikatulia. Akakitoa, ikaruka. Akakirudisha, ikatulia tena.

Amito akamwambia amesoma kuwa madaktari wachache wamejaribu kuwavalisha wagonjwa wa namna hiyo kifaa cha plastiki juu ya magego, na baadhi yao wakapata nafuu.

"Lakini dada, siwezi kukuahidi kitu. Bado hakijathibitishwa. Muulize kwanza daktari wako wa neva."

Daktari wa neva hakupinga, na kifaa kikatengenezwa kwa vipimo vya kinywa chake. Shingo ilipoa kweli, ila mate yalimchuruzika, na herufi ya swadi ikawa inatoka kama sini. Kaka yake Zaid, aliyefundisha naye madrasa moja, alimshauri akiweke kando: heri shingo iruke kuliko usomaji uharibike.

"Hautaharibika," Ruqayya alimjibu. "Nipe mwezi mmoja."

Kila baada ya sala ya alfajiri alikaa mbele ya kioo, akirudia herufi moja moja, ulimi ukitafuta njia mpya. Mara tatu alirudi kwa Amito kifaa kikapunguzwe pale kilipobana. Mwezi ukaisha, akaomba wa pili.

Katikati ya huo wa pili alimketisha Zaid, akampa mgongo na kumsomea Yasini nzima, amkatize akikosea. Zaid hakumkatiza.

"Leo umekivua?" aliuliza mwishoni.

Ruqayya akageuka, akafungua kinywa aone.

Koo halikupona. Kwenye maulidi ya akina mama, aliposhika kipaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake, lilimlia mara mbili katikati ya aya. Wanawake wa mbele wakatazamana. Ruqayya akameza mate, akarudi mwanzo wa aya, akasoma hadi mwisho.