Masikio ya Dada Yangu

Tamaa ya kuona Nakuru ilinifanya nimuuze dada yangu. Nasema wazi, maana waliokuwepo wote wamekufa na sina wa kumwogopa.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu karibu na Rongai. Mume wa dada alikuwa akifanya kazi ya reli Nakuru, mwaka wa pili bila kuja nyumbani. Barua yake ilipofika, ilibidi niisome mimi, kwa kuwa ni mimi tu niliyekuwa nimekwenda shule. Ilisema dada angoje mpaka aitwe. Mimi nikasoma ati aje upesi, aje na mdogo wake, yaani mimi, tena akatwe masikio kwanza. Masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa mpaka yakaning'inia, yamevishwa shanga za mke wa mtu. Hilo la kukatwa nililiongeza kwa sababu niliona haya kutembea naye mjini hivyo.

Kwetu mke huvua shanga zile mumewe akifa. Nililijua hilo vizuri. Nilidhani watu wa reli wameshayasahau mambo ya wazee, kumbe!

Kule hospitali ya misheni walimkata nyama iliyoning'inia wakamshona masikio. Wiki nzima alilia kwa uchungu na kucheka papo hapo, maskini, ati mume amemkumbuka.

Tukapanda gari la moshi. Nakuru ilikuwa na kelele kama siku ya arusi: vyerehani barazani mwa maduka ya Wahindi, malori ya mahindi yakipiga honi, mabibi wa kizungu na vijibwa vyao, askari akidai pasi kila kona. Nilitembea mdomo wazi. Dada alikuwa nyuma, amejifunika kitambaa kichwani kwa sababu vidonda vilikuwa vikitoa maji, nami nikamkaripia aharakishe.

Tulimkuta mumewe nje ya chumba chake, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, akinywa chai na wenzake. Dada alitoa kitambaa ili amfurahishe. Yule bwana, ambaye masikio yake mwenyewe yalishonwa zamani, akamtazama mpaka chai ikapoa.

"Shanga umevua," akasema. "Umenizika lini?"

Wenzake wakacheka. Dada akasema ni yeye aliyeagiza, kwa barua. Mume akakana. Ndipo dada akanigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anangoja tu nimsaidie.

"Barua haikusema hivyo," nikasema. "Alijiamulia mwenyewe."

Mume akasema maiti hana mke wa kulisha, akaingia ndani na kikombe chake. Tulirudi Rongai siku ileile. Mama alipouliza, dada alisema ni kweli, alijiamulia mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini. Hakuna mwanamume aliyekuja tena kumposa, kwa sababu wote walisikia kwamba alimzika mumewe akiwa hai, na waliosimuliwa walisimuliwa na mimi.