Meno ya Upande wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mbao. Niliingia karakana moja kule Mbaraki na shati lililopigwa pasi na mamangu, nikidhani nitapewa randa au nyundo. Mistri, ndivyo tulivyomwita fundi mkuu, alinipeleka kwenye kona iliyokuwa na jiliwa, kile chombo cha kubania vitu mezani, akaniwekea mkanda wa msumeno mbele yangu.

"Hesabu meno," akasema.

Nikahesabu mpaka shingo ikaniuma, nikampelekea jibu. Hakushughulika nalo.

"Ulianzia wapi?"

"Hapa, Mistri."

"Hapa wapi? Umetia alama?"

Sikuwa nimetia.

"Basi hukuhesabu, umekisia. Shika chaki uanze tena."

Ninyi vijana wa leo mkanda ukiwa butu mnautupa, mnanunua mwingine. Kwa hivyo lazima nieleze kidogo. Msumeno wa mkanda ni mashine yenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na baina yake huzunguka ukanda mrefu wa chuma wenye meno ukingo mmoja. Ukiishiwa makali, mbao huanza kunuka moshi na fundi huanza kusukuma kwa kifua. Hapo ndipo tulipoitwa sisi watia makali. Unaubana mkanda kwenye jiliwa kipande kwa kipande, unatia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, unashika tupa ya pembe tatu, unapitisha. Tupa hukata ikienda mbele. Ikirudi uiinue, usiiburure. Kila jino lipate mapito sawa na mwenziwe, likipata matatu yote yapate matatu. Halafu kuna kuseti, yaani kuyapinda meno kidogo sana, moja kulia na moja kushoto, ili njia ya mkato iwe pana kuliko mkanda wenyewe na chuma kisikwame ndani ya ubao.

Miaka mitatu Mistri alinisimamia. Hakuwa mtu wa sifa. Siku moja tu alichukua mkanda wangu, akapasulia ubao wa mvule, akazima mashine na kuniambia, "Huu ni mkanda." Nilirudi nyumbani kwa miguu nikitabasamu peke yangu. Nawaambia hili mjue mapema nilikuwa mtu wa namna gani. Mshahara nilipokea kama wenzangu, lakini nilichokitafuta ni neno lile.

Kutoka hapo nilihamia karakana ya bandarini, Kilindini, tulikotengeneza masanduku ya shehena na vipande vya kuzuia mizigo isiteleze melini. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Karakana, bwana wa kutoka bara, mwenye tai hata siku za joto kali. Misumeno hakuijua, wala hakujifanya anaijua. "Mimi usinipe sababu," alizoea kusema, "nipe mkanda unaokata." Nami nilimpa. Nilikuwa mtia makali peke yangu pale, na nilihakikisha nabaki peke yangu. Aliponiletea vijana wawili niwafundishe, niliwafundisha tupa. Kuseti sikuwafundisha. Ukifika wakati wa kuseti nilikuwa nikiwageuzia mgongo, au nawatuma chai. Mikanda yao ikawa inakwama, yangu inakata, na Msimamizi akawa anasema mbele ya watu, "Mzee wa meno ni mmoja tu." Nilijiona mjanja. Leo nikikutana na mmoja wao njiani naona haya.

Baadaye wakubwa wapya waliamua kununua mikanda ya kutumia na kutupa, na kona yangu ikawekwa makopo ya rangi. Nikaenda zangu nyumbani. Nilinunua mashine ndogo ya msumeno iliyokwisha kutumika, nikaifunga katika chumba cha chini cha nyumba yetu, Mji wa Kale, karibu na mlango ili unga wa mbao utoke nje. Mafundi wa Kibokoni, Majengo na Ganjoni wakaniletea mikanda yao imekunjwa pete tatu, wengine wameibeba kwa tuktuk, wengine wameivaa begani. Mteja wangu mkubwa alikuwa Fundi Karisa, seremala wa milango, mtu mpole asiyependa kurudia neno.

Mke wangu, Mwanaisha, mtaani wakimwita Mama Saidi, alikuwa akishona kofia. Mnazijua kofia zetu za mkono, zenye vishimo vidogo vilivyozungushiwa uzi, mamia kwa mamia, kimoja kikizidi ukubwa kofia nzima huharibika. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu akiwa mwari, na alikuwa akikaa chumba hicho hicho cha chini, mimi na tupa yangu, yeye na sindano yake.

Mtoto wa jicho akaniingia polepole, nami nikamficha kila mtu. Alasiri moja natia makali, Mwanaisha akasema bila kuinua kichwa:

"Baba Saidi, umeruka meno manne."

"Kwani wewe wanihesabia?"

"Sihesabu. Sauti imebadilika."

Nikainama nikapapasa kwa kidole. Kweli, manne.

"Mato yako hayaoni," akasema. "Nipe nijaribu."

Nilimpa kwa hasira, nikitaka ashindwe. Hakushindwa. Mkono uliozoea vishimo vya kofia ulipitisha tupa kana kwamba jino na kishimo ni kitu kimoja. Nilimwonyesha na kuseti, maana sikuwa na njia, kazi za watu zilikuwa zinangoja. Kitu kimoja tu sikumwonyesha, nitakieleza mbele.

Wiki iliyofuata Fundi Karisa alikuja mbiombio.

"Mzee, ule mkanda wa juzi uliutia nini? Ubao mgumu wa mbambakofi naupasua kama siagi! Miaka yote hii hukuwahi kunipa mkanda kama ule."

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani, Mwanaisha alikuwa amesimama na kikombe cha maji. Nilijua yuko pale.

"Alhamdulillahi," nikajibu. "Mkono bado upo."

Pazia likatikisika kidogo, nyayo zikarudi ndani.

Uongo wangu haukukaa. Nilipokwenda kupasuliwa macho, daktari alinikataza vumbi kwa wiki kadhaa, nikakaa orofani. Karisa akaja, akamkuta Mwanaisha kwenye jiliwa, tupa mkononi, buibui limekunjwa juu ya kiti. Nilisikia sauti zao kutoka juu, nikasikia Karisa anacheka kwa mshangao. Tangu siku hiyo kila aliyebisha hodi aliniuliza hali yangu kwa adabu, kisha akauliza, "Mama Saidi yuko?"

Macho yalipopona nilishuka chini nikiwa na furaha ya kurudi kwenye kiti changu. Niliuchukua mkanda mmoja alioumaliza, nikaushika kwenye mwanga wa mlango. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka niliona kila jino, ncha yake na bonde lake. Halafu nikachukua mmoja wangu wa zamani uliokuwa ukining'inia ukutani. Nikaiangalia yote miwili kwa muda mrefu. Macho mapya hayakunionea huruma. Kazi yake ilikuwa bora kuliko yangu, si ya uzeeni tu, bali kuliko yangu ya siku zote.

Nilirudi kufanya kazi kando yake, lakini nilikuwa nimekwisha oza ndani. Akisifiwa, chakula hakinipiti. Akiimba kidogo huku akipitisha tupa, namwambia ananipigia kelele. Nilimwoa msichana wa kofia, na sasa nilikuwa namtazama kama nilivyowatazama wale vijana wa bandarini, isipokuwa huyu sikuweza tena kumgeuzia mgongo.

Ndipo Karisa alipoleta mkanda wa kazi ya milango ya nyumba moja Kibokoni. Mwenye nyumba alikuwa na ubao mmoja mnene wa msaji, uliotolewa katika nyumba ya babu yake. Alitaka upasuliwe kwa unene wake uwe mbao mbili, ili nyuzi za mti zifanane kwenye mabawa yote mawili ya mlango, kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa.

"Ubao kama huu hauna mwenziwe," Karisa alisema. "Mama Saidi, nakutegemea wewe."

Hakunitazama.

Sasa nieleze kile nilichokificha. Mkanda ukiwa na meno makali zaidi upande mmoja, huelekea upande huo na kuacha mstari. Dawa yake ni jiwe la mafuta. Unaufunga mkanda, unawasha mashine, unaligusisha jiwe kwenye ubavu wa meno ya upande ule uliozidi, mguso mmoja mwepesi, na mkanda hunyooka. Ukiligusisha kwenye mkanda ulio sawa, unauharibu, na kwa jicho hauonekani umeharibika.

Mwanaisha alimaliza, akapanda juu kuswali. Niliufunga mkanda wa Karisa kwenye mashine, nikawasha, nikaligusisha jiwe kwenye meno ya upande wa kushoto. Muda wa kuvuta pumzi moja. Nikaukunja pete tatu, nikaupeleka mwenyewe.

Siku ya pili Karisa alisimama mlangoni na mbao mbili. Mkato ulikuwa umekimbilia kulia. Moja ilikuwa nene upande huu na nyembamba upande wa pili, na ya pili imetoboka katikati. Mkanda ulikuwa begani mwake.

"Mama Saidi," akasema kwa sauti ya chini, "nimekuja uone."

Mwanaisha aliupokea mkanda, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye meno ya kulia, kisha ya kushoto. Akarudia ya kushoto. Mimi nilikuwa napangusa meza isiyokuwa na vumbi. Hakunigeukia.

"Kosa limetoka katika nyumba hii," akasema. "Niwie radhi, Fundi."

Karisa akashusha pumzi. "Labda mikanda yangu aitie Mzee, kama zamani." Akanigeukia. "Mzee, utanitilia?"

Nilikuwa nimelipata nililolitaka. Nikasema, "Nitakutilia."

Mwanaisha akarudi kwenye kofia zake. Siku nne tulikaa chumba kimoja, sindano yake na tupa yangu, bila ugomvi, akinipikia na kunijibu salamu. Siku ya tano, alipokuwa akikata uzi kwa meno, alisema:

"Lile la jiwe hukunifundisha. Nifundishe."

Niliiweka tupa mezani. Nilivaa viatu nikatoka.

Nilimkuta Karisa karakanani kwake na watu wake wawili. Nilitaka kumvuta kando, kisha nikaona hiyo nayo ni hila. Nikasema pale pale, mashine zikiwa zimezimwa:

"Ubao wako niliuharibu mimi. Mkanda ulikuwa mzima ulipotoka mkononi mwa mke wangu. Niliutia jiwe makusudi."

"Kwa nini, Mzee?"

"Kwa sababu hukuniuliza mimi."

Sikuona hasira usoni mwake, na ningependelea hasira.

"Ubao ule siupati tena," akasema. "Mwambie Mama Saidi nitamletea mikanda mwenyewe. Wewe usiniletee tena."

Nilimfundisha Mwanaisha jiwe jioni ile, na sasa analitumia vizuri kunishinda, kama nilivyotarajia. Hajanitaka nimwombe msamaha. Nilimwomba, akasema, "Nimesikia," akaendelea na kazi. Mimi nimestaafu kweli safari hii. Naikunja mikanda pete tatu, nafagia unga wa mbao, naitikia hodi. Karisa akija hunisalimu kama ipasavyo, huniuliza afya yangu, kisha hupita ndani.

Vijana huniuliza kazi hii inataka nini. Huwajibu tupa nzuri, subira, na chaki. Lile jambo jingine siwaambii kwa mdomo, ndiyo maana nimeliandika. Wala msidhani limekwisha kwa kuwa nimelikiri. Jana alasiri nilisimama mlangoni nikimwangalia mikono, na moyo ukaniwaka vilevile kama siku ya kwanza. Nilisimama muda, yeye akipitisha tupa, akipitisha, mpaka akasimamisha mkono.

"Baba Saidi," akasema bila kugeuka, "wanizibia mwanga."

Nikasogea.