Kinyozi Anayenyoa Ameketi

Saa tatu asubuhi, kinyozi wa miaka ishirini na mbili anajivutia kiti cha ofisini chenye magurudumu madogo, anashusha kiti cha mteja mpaka chini, kisha anawasha mashine. Ananyoa ameketi. Akimaliza upande wa kulia anajisukuma kwa mguu na kuhamia kushoto, na mstari wa kipajini unatoka umenyooka utadhani umepigwa rula.

"Taratibu, bosi, sina haraka," anasema mteja.

"Hata ungekuwa nayo, ungeiacha mlangoni," anajibu, na saluni nzima inaangua kicheko.

Aligunduliwa kuwa na saratani ya damu akiwa na miaka ishirini. Nywele zilipopukutika, wateja walimtania kwamba amejinyoa mwenyewe akapitiliza. Hilo hakulijali. Kilichomkatisha tamaa ni uchovu.

"Si ule wa kubeba mizigo," anaeleza. "Ule ukilala unaisha. Huu nalala saa kumi nzima, naamka nao. Kupiga mswaki tu, lazima nikae chini."

Mjomba wake, mwenye saluni, hakumwelewa. "Nilidhani anadeka," anakiri. "Daktari kasema anaendelea vizuri, dawa anameza, sasa kulala mchana kutwa kwa nini?"

Jumamosi moja, saluni ikiwa imejaa, miguu ilimwishia nguvu akiwa amefika nusu ya kichwa cha mteja. Akaenda nyuma ya pazia apumzike dakika tano, usingizi ukampitia. Mteja, fundi rangi, akabaki robo saa akijitazama kwenye kioo, upande mmoja nywele tele, upande wa pili kipara. Mjomba aliimalizia kazi hiyo kwa hasira, kisha akatangaza kwamba mwisho wa mwezi nafasi ile itapewa mtu mwingine.

"Nililia," anasema kijana. "Kazi hii ndiyo kitu pekee ambacho ugonjwa ulikuwa haujaninyang'anya."

Kliniki, muuguzi alimweleza kwamba uchovu huo unatokana na ugonjwa na matibabu, wala si uvivu. Atembee kidogo kila siku, afanye kazi saa ambazo ana nguvu, apumzike kabla hajaishiwa. Kisha muuguzi akaomba mjomba naye aje asikie mwenyewe. Mjomba alikwenda akasikia, na kesho yake akaingia saluni akisukuma kile kiti cha ofisini.

Zamani kijana alinyoa vichwa kumi na vitano kwa siku. Sasa ni vinne, kwa miadi, vyote kabla ya saa saba. Kila baada ya kichwa kimoja anajinyoosha dakika ishirini, na mjomba akiwepo, ole wako umwamshe.

"Vinne, lakini vitazame!" mjomba anatamba. "Hapa hakuna anayemfikia mpwa wangu. Hata mimi ananinyoa yeye."

Mwezi ujao ataanza kwenda kila Jumatano wodi ya vijana, alikowahi kulazwa, kuwanyoa wawili wawili wale ambao nywele zimeanza kuanguka. Ameomba jambo moja tu, kitanda kimoja kiachwe wazi.

"Nikichoka nitajilaza palepale, mbele yao," anasema. "Sitajificha tena. Wajue mtu anaweza kuchoka hivi, na bado akawa kinyozi."