Kisu cha Mkono wa Kushoto

Siku ya kwanza kazini sikupewa jembe, nilipewa kisu. Nyinyi mnaonunua miche ya michungwa imeshabebeshwa hamuijui raha ile. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, katika bustani ya miche ya serikali nje ya Chake Chake, nami kijana nimetoka Chokocho na kanzu yangu moja ya maana.

Bwana Shamba, mtu wa Unguja mwenye Kiswahili cha mjini, alinikabidhi kikiwa kimezongwa karatasi ya mafuta. Nikakipokea kwa mkono wa kulia, kwa adabu. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa mti mweusi, kizito kuliko umbo lake. Nikatia ukucha kwenye mfuo, nikavuta. Kikafunguka kwa kusitasita, kisha tak! kikakaa imara. Ubavu mmoja ulikuwa bapa kabisa, makali yamenolewa upande wa pili tu. Mwisho wa mpini palikuwa na kijiulimi cha pembe cha kuinulia ganda la mti. Nilikifungua na kukikunja mpaka wenzangu wakanicheka. Nilikipenda, sifichi.

Kubebesha ni hivi: unakata jicho la mchungwa mtamu pamoja na kipande chembamba cha ganda, unalichomeka chini ya ganda la mche wa mlimau, unafunga kwa uzi wa mgomba, unasubiri. Jicho likiwa na mgongo ulionyooka, linashika. Likiwa na bonde, hewa inaingia, linakauka.

Yangu yote yalikauka.

Bwana Shamba hakupiga kelele. "Nitakupa tuta jingine," alisema. "Nalo likifa, utarudi kwenu."

Mimi ni mtu wa kushoto. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilichapwa mpaka nikaandika na kula kwa kulia, lakini kwenye kisu mkono ule ulikataa katakata. Kwa kuona haya, nilikuwa nikibebesha nimewapa watu mgongo. Sasa kwa hofu nikajaribu mkono wa kulia, nikajikata kidole gumba.

Nokoa wetu, yaani msimamizi, Mzee Faki, alikitazama kitambaa kidoleni.

"Weye wa kushoto?"

"Nakula kwa kulia, Mzee."

"Sikukuuliza unakula vipi. N'nakuuliza wakata na nkono upi."

Nikamwonyesha.

"Basi hichi kisu si chako. Kimenolewa kwa ntu wa kulia, ukikishika weye kinachimba. Kayahamishe makali upande wa pili."

"Mzee, kisu cha serikali!"

"Na miche je, ya shangazi yako?"

Nilikaa na kinoo alasiri nzima, roho juu. Chuma kikitoka, naona kazi yangu nayo inatoka. Mwishowe nikajaribu kijiti. Kisu kikapita kimya, kijiti kikatoka kimenyooka, nami nusura nipige kelele kwa furaha.

Siku ya kukagua tuta, Bwana Shamba alifungua nyuzi mwenyewe. Macho mabichi, moja baada ya jingine. Akaniomba kisu awakatie wengine jicho la mfano. Kikaenda upande, jicho likatoka na bonde. Akakigeuza, akayatazama makali, akanitazama mimi.

"Kisu hiki usimwazime mtu," alisema, akanirudishia.

Toka siku ile nikabebesha nimewaelekea wenzangu.

Nimebebesha Wesha, Mkoani na Wete, chini ya mabwana shamba wakali na wapole, na michungwa yangu mingine bado inazaa. Siku ya kustaafu, mtunza stoo alidai vifaa vya serikali. Nikampa mkasi wa matawi, kinoo, na kisu, huku moyo unaniuma. Akakifungua, akakijaribu kwenye kijiti. Kikaenda upande.

"Mzee, hiki kibovu. Kitupe tu."

"Sawa, mwanangu," nikasema, nikakitia mfukoni.

Leo asubuhi nimekimenyea chungwa. Bado kinafunguka kwa kusitasita, kisha tak!